Nafasi ya Karisa

Barani, Malindi
Jumapili mchana

Mama,

Shikamoo, na ipokee mara nyingi kwa miezi yote ambayo hujaniona. Mimi ni mzima, mikono yote na miguu yote, na ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini nimeanza kwa kukuhakikishia viungo vyangu. Wewe je? Macho yameacha kuwasha? Mbaazi zimetoa maua, au jua limezimaliza zingali changa? Na yule ng'ombe mwekundu, bado anavunja ua wa shangazi na kujifanya hajui?

Barua hii inaletwa na Mwende, yule mama wa huko kwetu anayekuja huku kuuza ndengu. Nimemwomba akupe mkononi, asimpe mtu mwingine. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa mpaka kuku wanasikiliza, na haya sikutaka ndugu yangu Musyoka ayasikie nusunusu. Angesikia neno moja tu, kwamba nafasi ipo, angemwachia mkewe jembe na kwenda kutafuta nauli. Ndiyo, nafasi ipo kazini kwetu. Lakini usimwite bado. Soma kwanza.

Kazi yetu unaijua juu juu. Kampuni ikifunga ofisi au ikihama, sisi ndio tunaoitwa kuondoa kila kitu: meza, makabati, mazulia, mitambo ya kupoza hewa, na takataka za miaka mingi zilizosukumwa nyuma ya milango. Nilichokuwa nakuficha ni hali yenyewe. Ukibandua dari la zamani, kinyesi cha popo kinakumwagikia kichwani. Zile taa ndefu zinapasuka mikononi na unga wake mweupe unaingia puani, na jioni unatema mate ambayo hutaki kuyaangalia. Kofia ngumu, glavu na barakoa zipo, lakini zinakaa ndani ya gari la msimamizi. Hutoka siku ya kupigwa picha za kuwaonyesha wateja, kisha hurudi garini. Buti nilinunua mwenyewe, za mtumba, na ya kushoto ni kubwa kuliko ya kulia.

Aliyenifundisha kazi ni Karisa, Mgiriama wa Adu, yule niliyekuambia aliniletea uji niliposhikwa na malaria. Ana mke anaitwa Kadzo, watoto ambao bado ni wadogo, na shamba la mihogo analolilima siku za mapumziko. Hupenda kunitania kwamba Mkamba akiiona bahari huuliza nani alichimba.

Katika kikosi chetu yeye ndiye alikuwa mwitaji. Kitu kizito hakibebwi ovyo, Mama. Wabebaji hawaonani nyuso, kitu chenyewe kiko katikati, na kila mtu anaangalia miguu yake. Kwa hiyo mmoja huita na wengine huitikia, na mwili husogea kwenye kuitikia, si kabla. Karisa akiita, "Yuainuka," sisi tunajibu, "Na ainuke," tunainua. Akiita, "Yuashuka," tunajibu, "Na ashuke," tunashuka ngazi moja. Akiita, "Yuapumua," tunatua. Nilipofika niliona ni vichekesho vya watu wa pwani, kabati la chuma kubembelezwa kama bibi harusi. Nilikuja kuelewa kwamba bila ule wimbo sisi ni vipofu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunaondoa ofisi ya ghorofani hapa mjini, ya watu waliokuwa wakiuza viwanja. Walikuwa wameacha sefu, lile kasha la chuma la kufungia pesa. Mkokoteni haupiti ngazini. Kamba na mikanda ya kushushia msimamizi alisema vinakuja, na havikuja. Tukalibeba kasha kwa mikono, Karisa na wenzake upande wa chini, mimi na wengine upande wa juu. Tulikuwa tumeshuka vizuri na wimbo wetu, ndipo mlango wa ofisi ya chini ukafunguliwa na mama mmoja akalalamika kwamba wana wageni kwenye mkutano na hawasikilizani. Msimamizi akapanda mbio.

"Hebu nyamazeni. Hapa si gatini. Bebeni kama watu waliostaarabika."

"Bosi, kitu hiki hakibebeki kimya," Karisa akamjibu kutoka kule chini. "Hatuonani hapa."

"Macho mnayo. Au nyinyi mwaona kwa mdomo?"

Mmoja wetu akacheka. Karisa akanyamaza, na sisi sote tukanyamaza naye. Tulipofika penye kona ya ngazi, Karisa alichoka, akapiga goti moja ili apumue. Siku nyingine angeita. Sisi wa juu tukahisi kasha limelegea mikononi, tukadhani wa chini wameshakanyaga ngazi nyingine, nasi tukashuka. Likatuponyoka. Likamkuta bado amepiga goti, likambana mguu ukutani.

Mlio niliousikia sitakuandikia. Karisa mwenyewe hakupiga kelele. Aliita, "Yuainuka," kwa sauti ndogo, na sisi tukaitikia, "Na ainuke," tukaliinua likamtoka. Watu wa mkutano walikuwa wamesimama mlangoni wakitutazama, na safari hii hakuna aliyetuambia tunapiga kelele.

Tulimpeleka hospitali kwa lori letu lenyewe, amelala juu ya mazulia tuliyoyang'oa asubuhi. Nilikuwa nimemshika kichwa. Aliniuliza kama mguu upo, nikamwambia upo, na wakati ule kweli ulikuwepo. Madaktari waliukata juu ya goti. Kadzo alipofika kutoka Adu alikaa kwenye benchi akiwa ameshika kiatu kimoja cha mumewe, akawa anamuuliza kila anayepita kama kile kingine kimeonekana. Nilitoka nje, Mama. Sikuweza.

Baadaye walikuja maofisa wa usalama kazini kuuliza jinsi ilivyotokea. Kabla hawajafika, msimamizi alikuwa amefungua gari na kutugawia kofia na glavu, kwa hiyo walitukuta tumependeza. Mmoja wao akaniuliza chanzo ni nini. Nikamwambia kamba hazikuletwa, kisha tukakatazwa kuimba. Hilo la kamba alilisikia. Hilo la kuimba lilimfanya aniangalie kama mtu aliyepigwa na jua.

"Kuimba si kifaa cha usalama, kijana," akaniambia.

Nilitaka kumweleza, lakini msimamizi alikuwa amesimama karibu, na mdomo ukawa mzito. Najichukia kwa hilo. Kutwa nzima nilikuwa nikimjibu yule ofisa kichwani mwangu, maneno mazuri kabisa, na yeye hayuko.

Ijumaa msimamizi akaniita pembeni. Akasema kwa upole, "Kyalo, si uliwahi kuniomba kazi ya nduguyo? Basi mwambie aje. Nafasi ipo." Nilimjibu nitamwambia. Jana nikaenda hospitali, nikamsimulia Karisa, maana nisingeweza kumficha. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa anakuna blanketi mahali ambapo mguu haupo.

"Ni haki yake kuja," akasema. "Mimi sirudi pale tena. Wallahi kama si nduguyo atakuja mwingine. Lakini hebu niambie kitu kimoja. Huyo nduguyo ni mtu wa kunyamaza?"

"Kunyamaza vipi?"

"Akiambiwa na mkubwa anyamaze, hunyamaza?"

Mama, nilimwona Musyoka wazi mbele yangu. Ni mtoto wako uliyemlea vizuri kuliko sisi sote. Hajawahi kumjibu mkubwa. Baba mdogo alimgombeza mbele ya watu kwa kosa la mtu mwingine, akainamisha kichwa na kusema samahani. Nyumbani tunamsifu kwa hilo, na mimi pia humsifu. Lakini jana, pale kitandani kwa Karisa, adabu ya ndugu yangu ilinitia hofu.

Kwa hiyo Musyoka asije. Kesho nitamwambia msimamizi hivyo. Najua mvua zimewakataa, najua mkewe yuko karibu kujifungua na mwenye duka amechoka kumkopesha. Najua pia atasema nimeshiba huku nikamfungia mlango. Aseme. Mweleze wewe kwa maneno yako. Ukiona hasikii, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Mimi nabaki kwa sasa, sina pengine. Jana asubuhi kulikuwa na kabati la chuma la kushusha, watu wakasimama kulizunguka na hakuna aliyeligusa. Wakaniangalia mimi. Msimamizi alikuwepo, akajifanya anasoma simu. Nikaita, "Yuainuka," kwa lafudhi yangu ya Kikamba, sauti ikanikatika katikati. Waliitikia. Tulilishusha salama.

Nisalimie shangazi mwenye ua uliovunjwa, na baba mdogo, mzee wa kanisa, umwambie nimeshika yale aliyoniusia. Msalimie mke wa Musyoka, mwambie ajifungue salama. Na akina mama wenzako wa maombi ya Jumatano wasalimie kwa jina kila mmoja, maana najua tangu mwaka jana wamekuwa wakipiga magoti kuniombea nafasi ya Musyoka. Waambie imepatikana, na waache kuiomba. Tulipokuwa tukiiomba, Mama, ilikuwa ya Karisa.

Ni mimi mwanao ninayekukumbuka,
Kyalo