Siku Mavyaa Aliposimama Mbele ya Kadhi

Mjukuu wangu Rukia,

Asalaam aleikum, na pole na baridi ya Nairobi. Mamako hajambo, anachoma mahamri.

Nani alikwambia amri iliyompa mtalaka wako mtoto haibadiliki? Hukumu si msahafu! Nami nilipoachwa, babake ndiye aliyepewa mamako. Babake akaenda zake Dubai, akamwacha kwa mavyaa wangu. Nikarudi kwa kadhi.

"Kimebadilika nini?" akauliza.

Kabla sijajibu, mavyaa akainuka. Nikajua nimekwisha.

"Mwanangu hayupo, nami macho hayaoni tena," akasema. "Mrudishie mamake, sheikh."

Tulipita barabara ya Ndia Kuu na mamako katikati, vigelegele vya mavyaa vikivishinda vyangu.

Rudi kortini, mwanangu. Lakini kwanza kamsalimu mavyaa wako.

Nyanyako