Kerala ya Salum

Jumatano, baada ya isha

Nimeichoka Kerala, na wala sijawahi kufika. Tangu mume wangu Salum arudi na mama yake kutoka matibabuni India, kila nikitia tui kwenye samaki naambiwa kule wanapikia mafuta ya nazi. Nikishika simu, naambiwa kule hata muuza chai anasoma gazeti. Leo ikawa msikiti, kanisa na hekalu viko mtaa mmoja na watu hawagombani, utadhani hapa Bagamoyo tunapigana!

Wiki zote walizokuwa huko nimehangaika na watoto peke yangu. Hakuna aliyeniuliza huku kulikuwaje.

Tukiwa tunakula, nikamuuliza mama mkwe wangu kuhusu wenyeji waliofikia kwao.

"Waislamu wenzetu, mwanangu. Nyumba ni ya yule mwanamke. Mumewe ndiye aliyehamia kwa wakweze. Mji ule wengi ndivyo walivyozoea."

Salum akakohoa. Hilo hakuwahi kunihadithia.

Nikamwambia, "Basi na sisi tuige. Tuhamie Zinga kwa mama yangu." Anamjua mama. Alfajiri kila mtu yuko shambani kwenye mihogo, mkwe au si mkwe.

"Aa, zile ni mila zao bwana," akasema, akainuka bila kumaliza wali.

Najiuliza kama nimemvunjia heshima mbele ya mamaye. Pengine nimezidisha, lakini...

Sasa hivi mama mkwe kachungulia mlangoni. "Mwanangu, Zinga tunahamia lini? Kanga zangu nishazikunja."