Dragh ya Mama Peigi

Jumatatu, 19 Julai 2021
Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee, Guildford. Barakoa mbili, gauni la plastiki, jasho. Mama Peigi amekataa uji tena. Uzee umemfutia Kiingereza chote. Kimebaki Kigaeli, lugha ya kisiwa chao huko Uskoti. Kuna neno halimtoki mdomoni: dragh. Mwishoni kuna gh, na sisi Wakongo hata gh ya Kiswahili inatushinda. Nitalipata tu. Kiswahili chenyewe nilikiokota sokoni Bukavu, hakuna aliyenikalisha darasani.

Alhamisi, 22 Julai
Jirani yake akikohoa: dragh. Mvua ikipiga dirisha: dragh. Nikichelewa kurudi: dragh. Ni wasiwasi, sina shaka.

Nimempigia binti yake. Yuko Campbelltown, amefungiwa ndani huko kwa ajili ya korona kama sisi huku. Amesema ndiyo, ni wasiwasi. Akalia kidogo. Kigaeli anakielewa, ila tangu utoto alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Sawasawa na Neema, binti yangu. Nilikata simu nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 27 Julai
Amekonda. Msimamizi anataka daktari ampe dawa ya kumtuliza. Asipokula bado, hospitali. Huko atakuwa peke yake, hakuna wa kumtembelea. Nimemwambia, "Sister, huyu mama si mgonjwa. Give me till Friday." Amekunja uso. Amekubali.

Jumatano, 28 Julai
Nimejua!

Dragh ya chakula huja nikishaweka sahani na kugeuka niende. Hajawahi kuniona nikila. Siku zote ananisukumia kijiko, nami nadhani anakataa. Kumbe ananikaribisha. Kwetu nani angekula huku aliyempakulia amesimama na njaa? Hata mtoto hafanyi hivyo. Mimi mwenyewe nisingekula.

Lakini kushusha barakoa chumbani ni marufuku.

Alhamisi, 29 Julai
Saa ya mapumziko nimezungukia bustanini na bakuli langu la bugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Nimeketi nje ya dirisha lake. Julai huku kusini mwa dunia ni baridi ya kukata masikio. Nikala kwa mkono, yeye ananitazama. Akashika kijiko. Supu yote, na mkate. Msimamizi aliona akiwa mlangoni. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumatatu, 2 Agosti
Habari ya dawa imekwisha. Mama Peigi anakula kila siku, mradi niwepo dirishani.

Asubuhi dada amepiga simu kutoka Bukavu. Mama yetu amelazwa, anapumua kwa shida. Siwezi kwenda. Naogopa.

Mchana nilikwenda dirishani kama kawaida, lakini tonge halikupanda mdomoni. Mama Peigi akanitazama kupitia kioo. Akauliza neno moja, nikalisoma midomoni mwake. Dragh? Nikaitikia kwa kichwa.

Akaweka kijiko chini. Akangoja, mikono mapajani, supu inapoa.

Nikala tonge moja. Ndipo naye akachukua kijiko.