Gari Chini ya Makuti

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo Luqman ameniketisha kitako mezani. Karatasi moja, kalamu, simu ya kupigia hesabu. Upande huu pesa zinazoingia, upande huu zinazotoka. Zinazoingia – mstari mmoja. Zinazotoka – karatasi haikutosha, akageuza nyuma.

Miezi sita tangu tuhame Nyali. Kampuni yake ya kutoa mizigo bandarini ilikufa kama mgonjwa wa sukari: kwanza kidole, kisha mguu, kisha Fatiha. Sasa tuko Bombolulu, vyumba viwili na sebule iliyomezwa na makochi yetu. Mgeni akija apite kimbavumbavu. Friji ya milango miwili haikuingia jikoni, kwa hivyo Samiha, binti yetu wa miaka kumi na mbili, analala nayo chumba kimoja. Asema yakoroma kuliko babake.

Luqman akasoma matumizi yangu kwa sauti, kama hakimu. Saluni. Udi. Kucha.

"Kucha, Intisar? Kucha nazo ni bajeti?"

"Wallahi kucha ni heshima."

Akaipiga mstari heshima yangu. Kisha akafika kwenye gari.

Harrier nyeupe. Alininunulia nilipotimiza miaka thelathini na tano – yaani benki ilininunulia, yeye alikuwa shahidi. Miezi minne hatujalipa. Ataka tulirudishe wenyewe, kwa uungwana, tuombe kupunguziwa deni. Nikamwambia achukue friji. Achukue makochi. Amchukue na Samiha! Gari haliendi popote.

Hakucheka. Zamani alikuwa akicheka.

Jumatano, 3 Septemba

Mia sita za chakula kwa siku, watu watatu. Ndiyo sheria.

Nilitoka na noti zangu kama mtoto wa Iddi. Nimerudi na kamba nusu kilo na ndimu mbili. Basi. Hakuna mafuta, hakuna unga, hakuna hata kitunguu. Ningefanya nini? Walikuwa wabichi, wanarukaruka!

Jirani yangu Salha alinikuta mlangoni nikiwatazama wale kamba. Salha hutunga shanga kwenye karakana ya ufundi hapa chini, mguu mmoja ulipooza tangu utotoni, na kwa gongo lake hilo hunipita barabarani kila siku. Akaniuliza nitawakaangia nini. Nikasema sijui. Akaniletea mafuta kwenye kikombe, kitunguu, na nusu bakuli ya wali wa jana. Kisha akanipa somo: dukani usiende na uso wa mtu aliyeshiba, na usivae ile dera ya hariri, maana bei hupanda ikiiona.

Tumekula vizuri sana. Kesho tutakula hadithi yake.

Ijumaa, 5 Septemba

Simu. Nambari nisiyoijua. Sauti laini kama ya mtu anayeuza bima.

"Salaam aleikum, mama. Naitwa Karisa. Natoka kwa madalali."

Nilijua madalali wa benki, wanaokamata mali za wadaiwa, hupiga kelele. Huyu aniuliza kwanza habari za nyumbani, za mtoto, za joto. Mwisho ndipo akauliza gari liko wapi. Nikasema Malindi. Akasema Malindi ni pazuri, akanitakia Ijumaa njema. Nimebaki na simu mkononi. Heri angenitukana.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemwambia Luqman breki zinalia, nalipeleka gari kwa fundi Changamwe. Akaitikia bila kuinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

Changamwe wapi! Nilivuka feri moja kwa moja hadi Mtongwe, kwa mamake, Bi Dhahabu. Mavyaa wangu ana minazi arubaini, mihogo, kuku wasiohesabika, na ulimi ambao miaka kumi na nne nimeukimbia kwa kisingizio cha foleni ya feri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hili gari laumwa?"

"Laumwa na benki, mama."

Alinitazama kutoka kucha za mguu (nyekundu, za mwisho mwisho) hadi mtandio. Nikangoja hotuba. Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta! Asema marehemu mumewe alificha baiskeli palepale nyuma ya jiko, mwaka wa njaa, ikidaiwa na Mhindi wa duka.

Tukalifunika kwa makuti, mimi na yeye. Kuku wawili walipanda juu kabla hatujamaliza. Nikamwachia ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso. Nimemwomba asimwambie mwanawe. Akasema yeye haulizwi, hasemi.

Kurudi nimevuka kwa miguu. Bure! Miaka yote hiyo nimelipia kukaa garini na kiyoyozi nikiwaonea huruma watu wasiolipa chochote.

Alhamisi, 11 Septemba

Mia sita. Dagaa. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekwenda Mtongwe kulisalimia gari. Makuti yapo, yamepangwa vizuri kando ya jiko. Gari – hakuna!

Nilikaa chini mchangani, na buibui langu zuri. Akilini nikamwona Karisa na sauti yake laini. Nikaanza kutunga nitakavyomwambia Luqman, na kila nilipoanza sentensi iliishia kwa "breki".

Mara honi. Ndefu, ya fujo. Harrier yaingia uani, riboni za waridi toka mbele hadi nyuma, maua ya plastiki juu ya boneti. Kwenye usukani Munga, jirani wa hapo Mtongwe, aliyekuwa akiendesha lori la mawe Mwakirunge. Kando yake mavyaa wangu, leso mpya, miwani ya jua. Ya nani miwani? Yangu! Niliisahau garini.

"Usilie," akaniambia kabla hajashuka. "Mtoto wa Bi Zubeda aliolewa leo, gari lao likakatika mkanda. Bi harusi aende kwa tuktuk na sisi tunafuga gari?"

Wamemtoza elfu saba. Munga elfu moja. Yeye elfu mbili, kodi ya makuti. Elfu nne akanihesabia mkononi.

Nimezitazama mpaka akaniuliza kama ni bandia. Nina miaka thelathini na tisa na hizi ndizo pesa za kwanza kuzichuma mwenyewe. Wala sikuzichuma, nilikuwa nimeketi mchangani nalia.

Munga amekwaruza bampa. Mara ya pili naendesha mimi.

Jumapili, 21 Septemba

Harusi mbili! Jana Vyemani, leo Timbwani. Nimeendesha mwenyewe, polepole, glavu nyeupe, wanawake nyuma wanaimba mpaka sauti zinapasuka. Bi harusi wa leo alitapika kwenye mfuko kwa woga. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo mume mwenyewe saa hii huenda anatapika zaidi." Akacheka, wanja ukachuruzika, tukasimama kumfuta.

Nyumbani nimeleta samaki, changu mkubwa. Luqman akauliza pesa zimetoka wapi. Nikasema Salha kanikopesha. Salha, aliyekuwa mlangoni na sahani yake, akanitupia jicho. Akanisaidia uongo, lakini baadaye uani akaniambia yeye hukopesha pesa, hakopeshi jina lake. Nimeona haya.

Samiha anajua kila kitu, nilimpeleka jana. Amepiga picha za gari na riboni, akaziweka mtandaoni: Gari la Harusi, Likoni, bei nafuu, piga nambari hii. Yangu. Simu haijanyamaza. Oktoba tayari watu watatu! Mtoto ana akili, sijui kwa nani.

Karisa naye, aliyekuwa akipiga kila mara kuulizia Malindi, hajapiga siku tano. Labda amechoka na mimi.

Jumatatu, 22 Septemba

Asubuhi nimetia chakula cha Luqman kwenye mfuko wake. Zamani kazi hii hakuna aliyeifanya, alikuwa akila hotelini. Chini ya karatasi nimekuta kitambulisho cha kazi chenye kamba ya kuvaa shingoni. Picha yake. Chini: Karani Msaidizi. Na jina la kampuni – ya Nassor.

Nassor alikuwa tarishi wetu! Alikuwa akinibebea mifuko ya ununuzi mpaka mlangoni, nami sikumbuki hata kumwambia ahsante.

Kumbe ule mstari mmoja wa pesa zinazoingia ndio huu. Nilidhani ni mabaki ya madeni ya watu. Nimeurudisha mfuko kama ulivyokuwa. Alipotoka bafuni nikamwambia shati limekupendeza. Akashangaa. Kisha akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 23 Septemba

Nilitaka kumwambia leo. Wallahi nilikuwa nimejipanga, nimepika na chai ya tangawizi. Yeye akaanza.

Amekwenda benki. Ametia sahihi: Jumatatu tarehe ishirini na tisa gari litafikishwa kwao, na deni linalobaki litalipwa kidogo kidogo, miaka minne. Likikosa kufika makubaliano yanavunjika, wanakuja hata kwa makochi.

"Sikutaka kukukasirisha," akasema. "Lakini nimetoa neno langu, Intisar. Sina kingine nilichobaki nacho cha kutoa."

Akaniuliza fundi amemaliza breki? Nikasema bado kidogo.

Bado kidogo!

Kuna harusi Jumamosi. Nusu ya malipo nilishapokea na nilishaila: umeme, viatu vya Samiha, na udi. Kipande kidogo. Sitajitetea. Nimejiambia: Jumamosi namaliza, Jumapili naliosha, naondoa mavi ya kuku, Jumatatu Luqman analipeleka. Hatajua. Na wale watu watatu wa Oktoba?

Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi yake ya bajeti. Harusi sita kwa mwezi zinalipa benki na mafuta, na kinabaki cha sukari. Nimepiga mara tatu. Inakubali. Nimeifuta yote, nikaogopa ataiona. Sasa najuta kuifuta.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo pia sijamwambia. Alirudi amechoka, akavua viatu, akalala kochini kabla ya Isha. Soksi ina tundu. Nimeishona.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandikia kwenye usukani. Itakuwa kama maandishi ya daktari.

Saa tatu nilifika hapa Timbwani, nyumba ya bi harusi. Riboni nyeupe na dhahabu. Mavyaa amekuja nami, siku hizi hakosi harusi hata moja, ajiita meneja. Akaingia ndani kuona kupambwa. Mimi nikabaki garini kufuta vioo.

Mtu akanigongea kioo cha upande. Shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki. Vijana wawili nyuma yake. Akanionyesha simu: picha ya Samiha. Nambari ya gari yaonekana wazi kama jina la duka.

"Salaam aleikum, mama. Ni mimi Karisa."

Nilikuwa nimemtengenezea sura kichwani, jitu la mapanga. Kumbe mfupi, ana kipara, ana mafua. Akasema ana karatasi ya kulichukua leo. Nikasema mume wangu ametia sahihi ya Jumatatu! Akasema Jumatatu ni ya mtu anayejua gari lake liko wapi. Benki wameona picha, wamesema halifiki Jumatatu, lifuatwe.

Sikuwa na uongo hata mmoja. Nilitafuta, wallahi. Nikampigia Luqman, nikamwambia yote, haraka haraka, toka makuti hadi glavu.

"Umenifanya mwongo," akasema. Taratibu. "Watu wa benki wanionaje?"

Nikasema najua. Nikasema nilikiona kitambulisho chako na sikusema, wewe hukusema, mimi sikusema, tumekuwa nyumba ya mabubu.

"Harusi moja mnatoza kiasi gani?"

Nikamwambia. Akanyamaza, na kunyamaza huko nakujua, ni kwa mtu anayepiga hesabu. Kisha akasema usimpe ufunguo mpaka nifike. Akakata.

Mavyaa alitoka ndani na sahani ya pilau. Akampa Karisa, akawapa na wale vijana. Dalali haruhusiwi kula kazini, Karisa akasema. Mavyaa akamwambia basi kula kama mgeni. Akala. Kisha akamuuliza: "Baba, wewe una binti?" Anao wawili. "Aliyetoka kwao kwenda kuolewa, utamshusha njiani?" Karisa akapenga kamasi, akatazama bahasha yake, akatazama zile riboni. Akasema tumfikishe bi harusi kwanza. Lakini yeye akae mbele, asiniache hata dakika. Vijana wamempigia simu mtu wa pikipiki, watufuate.

Kwa hivyo ndivyo tulivyo. Saa sita kasoro. Dalali amefunga mkanda, amepakata sinia la halua kwa kuwa nyuma hakuna nafasi. Aniuliza kama kiyoyozi kinafanya kazi.

Vigelegele. Anatoka! Gauni lina mkia mrefu, laburura vumbi, hakuna wa kulishika. Karisa ameniwekea halua mapajani, ameshuka, ameushika mkia kwa mikono miwili. Mavyaa anamwelekeza: juu, juu zaidi, baba.

Na yule Luqman. Ng'ambo ya barabara, anashuka kwenye bodaboda, anamlipa mtu. Halitazami gari. Ananitazama mimi. Siwezi kuusoma uso wake kutoka hapa.

Bi harusi ameshaketi. Karisa amerudi, amefunga mlango, amechukua sinia lake.

"Mama," aniuliza, "twende au tungoje?"