Yule wa Kwenye Filamu

Isansa, 8 Juni 2024

Mdogo wangu Andongwisye,

Salamu nyingi. Hujambo na joto la Dar? Sisi tupo, baridi tu inatutesa. Baba yuko vilevile: leo ananijua, kesho ananiita nesi. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu kwa kidole gumba.

Filamu yako kuhusu Mama tumeiona. Binamu yetu Irene, yule anayeuza vitenge Chapwa, alituletea, tukaitazama na Baba sebuleni. Kusema kweli una kipaji. Pale Mama anapochambua kahawa, mikono tu ndiyo inaonekana na hakuna anayesema neno, nililia mpaka nikaona aibu. Alikuwa Mama kabisa.

Halafu ukaharibu. Muziki unaanza kulia kabla sisi hatujalia. Mgonjwa anahutubia dakika saba, nywele zimesukwa, amelala mikononi mwa mwanawe, na mwana mwenyewe umeigiza wewe. Ando, Mama hakusema neno siku nne za mwisho. Alikuwa anakoroma, na aliyekuwa anamgeuza ni mimi. Wewe ulifika tumeshaanua matanga. Kwenye filamu wewe ndiye wa kwanza kutupa udongo kaburini, na dada hayupo. Mama yule ana mtoto mmoja.

Nilitaka kuandika kwamba sijakasirika. Nimekasirika.

Dada yako,
Loisi

Dar es Salaam, 21 Juni 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole na baridi, pole na kuuguza. Mimi mzima, ila barua yako nimeisoma mara tatu na imenikosesha raha.

Ni kweli. Nilishindwa kumwonyesha kijana aliyechelewa, nikamtengeneza aliyewahi. Hata wanaonisifu wanasema nitafika mbali nikipunguza sukari. Mwezi wa nane mwanzoni filamu inaonyeshwa Nairobi. Ya pili nitaitengeneza bila uongo, na wewe utakuwemo. Nisamehe.

Baba aliionaje?

Mdogo wako,
Ando

Isansa, 15 Julai 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima wa kujikongoja. Nimekupigia mara tano hupokei, kwa hiyo barua hii nimeituma kwa basi.

Umeuliza Baba aliionaje. Aliipenda, na shida ndiyo hiyo. Irene aliiweka kwenye simu yangu, Baba anaitazama asubuhi na jioni. Mengine yote yamemtoka, hiyo ameishika. Ananisimulia mimi jinsi ulivyompakata Mama akafa kwa amani. Inamtuliza, hilo siwezi kukunyima.

Lakini wiki hii ya pili uji wangu anausukuma, hata nikitia chumvi ya Ivuna anayoipenda. Anasema, "Mwite yule wa kwenye filamu. Ndiye anayejua kuuguza." Amebaki mifupa. Mganga wa zahanati amenivuta pembeni akaniambia niwaite ndugu.

Njoo, Ando. Kamera iache. Njoo ushike bakuli.

Dada yako,
Loisi

Dar es Salaam, 24 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Pole sana. Samahani kwa simu, nilikuwa na mambo mengi. Onyesho ni tarehe mbili, nikikosa siitwi tena. Tarehe tano nitakuwa Isansa bila kukosa. Mwambie Baba anywe uji, nakuja.

Mdogo wako,
Ando

Isansa, 12 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama. Hapa wageni wameondoka, nyumba imekuwa kubwa.

Ulifika tarehe tano kama ulivyoahidi. Tulikuwa tumemzika tarehe nne. Mbele ya watu nilikuambia Baba alilala tu. Sasa soma yalivyokuwa.

Tarehe tatu asubuhi alifumbua macho akauliza, "Ni wewe, Andongwisye?" Nikakoroga uji. Akauliza tena. Nikasema, "Ni mimi, Baba." Akafungua kinywa. Alikunywa vijiko vitatu, vya kwanza kwa siku mbili. Nikampakata kama ulivyofanya kwenye filamu, maana nilijua ndicho anachokitaka.

Akashika kidole changu akasema, "Asante mwanangu. Na Loisi? Loisi hajaja?"

Nikamwambia Loisi yuko njiani.

Akageuza uso mlangoni. Alikufa ananisubiri, Ando, na mimi nimempakata.

Ukitaka kutengeneza ile ya pili, tengeneza hiyo. Ila muziki usiweke.

Dada yako,
Loisi