Waziri kivuli wa Mutakura

Jumanne, usiku

Kumbe ni neno moja tu! Leo kwenye redio nilisoma habari za London, nikataja "waziri kivuli wa fedha". Kufika nyumbani Mutakura, mama mukwe ananiuliza: "Huyo waziri alikufa?"

Nikamujibu: Apana, mama. Ni mutu wa upinzani. Anakosoa bajeti ya waziri wa fedha, lakini lazima aseme yeye angefanya nini, maana kesho funguo za wizara zinaweza kuwa zake.

Tangu mama mukwe aje kutoka Uvira, kila ninaponunua visamaki vya ndagala anasema ni ghali, hadi naogopa labda hanipendi.

Tulipomaliza kula akasema: "Kesho soko naenda mi mwenyewe."

Nikamupa kikapu kwa furaha. Kesho kivuli ni mi, na nimeshaanza kutafuta la kukosoa.