Kabari ya Lori

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini.

Huku Mafinga baridi imeunguza viazi, lakini bibi yako bado anaimba kwaya.

Unauliza kama mwenye gari hushtakiwa hata kama siye aliyeendesha. Ujanani, nikiwa seremala, tajiri mmoja mwenye lori la mbao aliniagiza kabari ya kuzuia tairi mlimani. Siku dereva aliposahau kuiweka, lori liliserereka likamvunja mama mmoja mguu. Mahakamani tajiri akaapa, "Breki ni nzima, dereva ndiye mzembe." Hakimu akaigeuzageuza kabari yangu. "Sasa hii uliichongesha ya nini?"

Tajiri ndiye aliyemlipa yule mama.

Umeniandikia kwamba gari lako huko Mbeya halitoki bila jiwe la kuegeshea. Nina hamu ya kujua tu, mjukuu wangu: hilo jiwe ni la nini?

Babu yako